Ile Pesa Tuma kwa Nambari Hii: Ulaghai wa Mtandaoni na Dhima ya Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika zama hizi za rununu na tarakilishi, hata hivyo, adui naye amejifunza kuja wakati wa dhiki, tena kwa sauti ya rafiki. Huja akiwa mfadhili, mwajiri, karani wa benki, mchumba, na hata akiwa mwana wa kuzaa. Makala haya yanakusudia kuujadili ulaghai huu wa mitandaoni na simuni, jinsi ya kuutambua na kuuepuka. Aidha, yanakusudia kuuliza swali ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujaliuliza kwa dhati: je, lugha yetu ina mkono gani katika maovu haya, na ina dawa gani?

Ndugu msomaji, niruhusu nianze nyumbani kwetu. Katika mwaka wangu wa pili chuoni, mama yangu mzazi aliuza mtamba wake wa pekee ili nilipiwe karo. Alikuwa ameniahidi kwamba pesa zingenifikia kabla ya adhuhuri. Mwendo wa saa nne asubuhi, akiwa kwenye foleni ya wakala wa M-Pesa sokoni, simu yake iliingia arafa kutoka kwa nambari asiyoijua: "Ile pesa tuma kwa nambari hii, laini ile nyingine ina shida." Mama hakusita. Aliweka pesa simuni, akatuma shilingi 18,000. Jina geni lilipomtokea kabla ya kuthibitisha, alijiambia kuwa mwanawe ameazima laini ya mwenzake. Kwani ujumbe wenyewe haukuwa umekwisha kumwandaa kwa jambo hilo?

Jioni nilipopiga simu kuuliza, alikuwa ameng'amua. Hakuniambia. "Mwanangu, vumilia kidogo," alisema, "mnunuzi hajamaliza kulipa." Nilivumilia juma la kwanza na la pili. Katika juma la tatu nilimsemesha mama kwa ukali ambao hadi leo naujutia. Habari kamili niliipata baadaye kwa mama mdogo. Mjomba naye alipoipata, aliangua kicheko na kusema: "Tamaa mbele, mauti nyuma." Mama aliinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: tamaa ipi? Mama aliyeuza mtamba wake ili mwanawe asome alitamani nini kisicho chake? Lililoniuma zaidi ni kwamba juma moja kabla ya mkasa huo nilikuwa nimepokea baruapepe iliyoeleza hila iyo hiyo, neno kwa neno. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Niliisoma, nikaielewa, nikaifuta. Haikunijia kabisa kwamba mwenye kuihitaji hakuwa mimi.

Ni vyema tutambue kwamba ulaghai huu haukuzaliwa na intaneti. Katika karne ya 19, walaghai barani Ulaya waliandika barua wakidai kuwa tajiri fulani amefungwa gerezani nchini Uhispania, na kwamba atakayetoa fedha kidogo za kumkomboa angegawiwa sehemu ya hazina yake. Miaka ya 1980 hila hiyo ilivaa joho jipya katika barua zilizotoka Nigeria, zikisimulia mamilioni ya dola yaliyokwama benki. Ndiyo sababu ulaghai wa aina hiyo huitwa "419", kwa kufuata kifungu cha 419 cha kanuni ya jinai ya nchi hiyo. Baruapepe ilipoenea, barua hizo hazikuhitaji stempu tena. Nchini Kenya, huduma ya M-Pesa ilianza mwezi Machi 2007, na ikatufaa pakubwa kwa kuwa mtu wa kijijini aliweza kutuma na kupokea pesa bila benki. Lakini njia iliyomfikisha mwana kwa mzazi ilimfikisha mwizi pia. Mlango ni ule ule. Tofauti ni anayebisha hodi.

Sasa tuutazame ujumbe ule aliotumiwa mama kwa jicho la mwanaisimu. "Ile pesa tuma kwa nambari hii." Neno lenye sumu hapo ni "ile". Sote tumefundishwa kwamba kiashiria hiki, pamoja na kuonyesha kitu kilicho mbali, hurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha kulizungumza. Mlaghai hakutaja kiasi, hakutaja jina, wala hakusema ni pesa za nini. Angetaja lolote angejifichua. Alitumia kiashiria kimoja tu, na mama mwenyewe akakijazia maana: karo, mtamba, mwanawe. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi mno kwa wakati mmoja. Walio wengi hucheka na kuufuta. Lakini miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa anajiandaa kumtumia mtu pesa. Huyo hakuponzwa na tamaa wala ujinga. Ameponzwa na sadfa, na imani ya kawaida ambayo pasipo nayo watu hawawezi kuzungumza.

Ukizichunguza hila nyingine, utaona kwamba nazo zimejengwa kwa lugha kabla ya kujengwa kwa mitambo. Ipo arafa inayoiga sajili ya M-Pesa: ina msimbo wa herufi na tarakimu, kiasi, tarehe na salio. Muda mfupi baadaye mtu hupiga simu akilia kwamba amekutumia pesa za hospitali kimakosa, na kwa jina la Mungu umrudishie. Dawa yake ni nyepesi: usiamini arafa, tazama salio lako mwenyewe. Arafa ya kweli huja ikiwa na jina la huduma, si nambari ya mtu binafsi. Hata ikiwa pesa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea afuate utaratibu wa kampuni ya simu wa kurejeshewa. Kuna wanaopokea marejesho yako ya hiari kisha wakaomba na yale ya kampuni.

Ipo pia simu ya anayejiita mhudumu wa wateja. Huyu huzungumza Kiswahili sanifu chenye staha, hukuita kwa jina lako kamili, kisha hukutisha kwamba laini yako imesajiliwa mara mbili na itafungwa baada ya dakika chache. Anachotaka ni nambari ya kitambulisho, nambari ya siri, au tarakimu zilizoingia simuni mwako hivi punde. Akizipata, anaweza kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine, na ghafla simu yako ikakosa mtandao. Kampuni ya Safaricom imewatangazia wateja wake mara kadhaa kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee, na kwamba arafa za ulaghai zitumwe kwa 333 bila malipo. Iwe ni kampuni hiyo au nyingine, kanuni haibadiliki: hakuna mhudumu wa haki anayehitaji nambari yako ya siri. Fauka ya hayo, tarakimu sita zinazotumwa na WhatsApp ni ufunguo wa akaunti yako. Ukimsomea mtu, ataingia humo na kuwaomba rafiki zako pesa kwa jina lako, na hapo wewe mhasiriwa utageuka chambo.

Sisi wanafunzi tuna mitego yetu. Wapo wanaotangaza nafasi za mafunzo ya nyanjani, kazi za sensa, au nyongeza ya mkopo, ila kwanza ulipe "ada ya usajili" au "ada ya faili". Wapo wanaoahidi kukuongezea kiwango cha Fuliza kwa malipo madogo. Wengine hukualika katika kundi la Telegram ili ulipwe kwa kutazama video au kupenda picha. Siku ya kwanza hulipwa kweli, shilingi mia moja au mia mbili, na hicho ndicho chambo. Siku ya tatu hutakiwa kuweka elfu tano ili ufungue "kazi za daraja la juu", na kila unapotaka kutoa pesa zako, huzuka ada nyingine. Mwaka 2021 kulikuwa na mradi uliojiita Amazon Web Worker Africa, ulioazima jina la kampuni mashuhuri ya Marekani isiyouhusu. Wakenya wengi walilipa ili wapewe kazi za simuni, na siku moja programu yake ikatoweka pamoja na akiba zao.

Hesabu ya miradi ya namna hii haihitaji shahada. Tuseme kila anayejiunga anatakiwa kuwaleta watu 6, nao kila mmoja awalete 6. Kufikia ngazi ya kumi, zitahitajika nafsi zaidi ya milioni 60. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takribani milioni 47.6 pekee, vikongwe na watoto wachanga wakiwemo. Kwa hivyo mradi kama huo haufi kwa bahati mbaya. Umezaliwa ukiwa maiti. Faida unayolipwa leo ni mtaji wa jirani yako aliyejiunga jana. Ndivyo ilivyokuwa katika miradi ya piramidi iliyoporomoka nchini miaka ya 2006 na 2007, ikaondoka na mabilioni ya shilingi za wakulima, walimu na wastaafu.

Mtego mchungu kuliko yote ni ule unaomeza mwili pamoja na mfuko. Tangu 2022, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imewaonya vijana dhidi ya matangazo ya mtandaoni ya kazi za mauzo na huduma kwa wateja nchini Thailand. Waliodanganyika, wengi wao wakiwa watu waliosoma, walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa katika majumba yenye walinzi, na kulazimishwa kujifanya wachumba mtandaoni ili wawaibie watu wa nchi nyingine. Mapema mwaka 2025, maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walipookolewa kwenye mpaka wa nchi hizo mbili, Wakenya walikuwemo. Hebu tafakari, msomaji. Ile sauti tamu inayomwita mjane wa ng'ambo "mpenzi wangu" huenda ni ya kijana kama wewe, mwenye shahada kama utakayoipata, anayeandika chini ya kiboko. Mlaghaiwa amegeuzwa mlaghai.

Kutokana na hayo, nashikilia rai mbili. Ya kwanza ni kwamba desturi yetu ya kuwahukumu wahasiriwa kwa methali za tamaa ni kosa, tena ni kosa linalomnufaisha mwizi. Sikatai kwamba wapo wanaoponzwa na uroho wa kutajirika bila jasho. Lakini anayetafuta kazi hatafuti cha mtu. Anayemrudishia mgeni pesa za hospitali amefanya wema. Anayemtii mhudumu amefanya adabu. Walaghai hawavui kwa tamaa pekee. Huvua kwa huruma, kwa hofu, kwa upweke na kwa utiifu, na mara nyingi kwa zile tabia njema tulizofunzwa tukiwa watoto. Tunapomcheka aliyeibiwa, tunamfunza kunyamaza. Naye akinyamaza, jirani yake hapati habari, polisi hawapati ushahidi, na mwizi hupata soko jipya. Laiti mama angepiga kelele sokoni asubuhi ile! Angalifaulu labda kuzuiwa kwa pesa zile kabla hazijatolewa, maana katika mambo haya dakika kumi ni nyingi. Alinyamaza kwa sababu alijua mjomba atasema nini.

Rai ya pili yatuhusu sisi moja kwa moja. Ulaghai huja kwa Kiswahili, ilhali onyo huja kwa Kiingereza. Mlaghai amefanya utafiti wa isimujamii ambao sisi tunausoma vitabuni tu: anajua ni lini atumie Kiswahili sanifu, ni lini atumie Sheng, ni lini aseme "mzazi", "mchungaji" au "boss". Kwa upande mwingine, nyaraka nyingi za benki, masharti ya programu za simu na matangazo ya vyuo huandikwa kwa lugha ambayo mama yangu huisikia redioni na kuzima. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Ninaamini kwamba kila kampuni inayomruhusu mkulima kutuma pesa kwa Kiswahili ina wajibu wa kumwonya kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha watu.

Huenda mtu akasema kwamba sheria ipo na inatosha. Naam, ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilipopitishwa mwaka 2018, iliweka adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au zote mbili, kwa ulaghai wa kompyuta. Tuliipongeza. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya wizi, na mara nyingi humkuta ameitupa laini aliyoisajili kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe ni maarifa yaliyofika kwa wakati.

Maarifa hayo ni machache na yanaweza kukaririwa hata na asiyejua kusoma. Kwanza, anayekuharakisha anakuficha jambo. Kata simu, vuta pumzi, kisha mpigie mhusika kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, wala si ile uliyopewa sasa hivi. Pili, anayekuambia usimwambie mtu yeyote ndiye wa kwanza wa kuambiwa watu. Tatu, kazi, mkopo au zawadi inayodai ada kwanza si kazi, si mkopo wala si zawadi. Nne, nambari ya siri haina rafiki wala mhudumu. Tano, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo ni shahidi wako. Lisipolingana na unayemjua, simama. Sita, usihadaike na tovuti kwa sababu ina nembo ya benki au alama ya kufuli. Kufuli huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa, haionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Soma anwani yake kutoka mwisho kurudi nyuma: jina lililo karibu kabisa na .co.ke au .com ndilo la mwenye nyumba, na yote yaliyo kushoto kwake yanaweza kubandikwa na yeyote.

Na iwapo maji yamekwisha kumwagika? Ijulishe kampuni ya simu au benki papo hapo. Kwa wateja wa M-Pesa, arafa ya muamala hupelekwa kwa 456. Badilisha nambari ya siri. Usizifute arafa wala rekodi za simu, kwa kuwa ndizo ushahidi. Piga ripoti katika kituo cha polisi na upewe nambari ya kitabu cha matukio. Zaidi ya yote, waambie watu. Tena jihadhari na atakayekuja baadaye akidai kwamba atakurudishia kilichopotea kwa malipo kidogo. Huyo ni mwizi yule yule, au nduguye.

Nakihimiza chama chetu, basi, kitoke katika kuta za ukumbi wa mihadhara. Kila muhula huandaa makongamano kuhusu ukuzaji wa Kiswahili, tukajadili istilahi za tarakilishi hadi usiku. Ni jambo jema. Lakini istilahi ambayo haijamwokoa mtu shilingi zake itakuwa bado haijaanza kazi. Tuyaandike maonyo haya kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za kwetu, tuyasome katika redio za mashinani, katika vyama vya akina mama, makanisani na misikitini. Kila mwanachama aende likizoni akiwa na kazi moja ya nyumbani: aketi na mzazi wake, washike simu pamoja, wasome arafa moja ya kweli na moja ya uongo, na wazilinganishe kama tunavyolinganisha matini darasani. Baruapepe ile niliyoifuta ingalikuwa na thamani ya mtamba mmoja kama ningalipiga simu ya dakika mbili.

Mimi na mama tumekwisha kuafikiana. Siku hizi nikimwomba pesa kwa arafa, hatumi hadi anipigie na kuisikia sauti yangu. Na kwa kuwa hata sauti sasa huigwa kwa mitambo, huniuliza swali moja ambalo jibu lake halimo katika mtandao wowote: yule mtamba tuliyemuuza aliitwa nani? Nikijibu, anacheka, kisha anatuma. Jina lenyewe, msomaji wangu, utaniwia radhi, sitaliandika hapa. Nawe tafuta lako na wa kwenu, kabla arafa haijaingia. Mwenye macho haambiwi tazama. Ila asiyeonyeshwa kwa lugha yake, tutamlaumu vipi kwa kutoona?